Matango ya Kukhu Yamekuwa Machungu, na Mama Ndiye Analaumiwa

Hayes, Jumapili tarehe 3 Agosti 2025

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote, hata yale ninayoona haya kuyaandika, kwa kuwa nikikupa nusu ya habari utanipa jibu linalomfaa mtu mwingine. Nina miaka kumi na mitano, nasoma sekondari, na ninaishi hapa Hayes na baba yangu Naftali, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na mama yangu Peris, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na tangu mwezi wa nne tuko pia na bibi yangu mzaa baba, ambaye tunamwita Kukhu kama Waluhya wengi wanavyowaita bibi zao, na ambaye alikuja kututembelea kutoka Bungoma kwa viza ya miezi sita.

Kukhu hakuwa amewahi kukaa na mama yangu chini ya paa moja. Baba na Mama walioana huku huku London, harusi yao Kukhu aliiona kwenye simu tu, na miaka yote hii mazungumzo yao yamekuwa ya salamu za Krismasi, Mama akiuliza habari za nyumbani na Kukhu akijibu kuwa ni nzuri, kisha simu inarudi kwa Baba. Kwa hiyo Kukhu alipokuwa anakuja Mama alisafisha nyumba juma zima, akabadilisha mapazia, akanunua blanketi zito, na nilimsikia akimwambia Baba kwamba haombi kitu kingine, anaomba tu Kukhu arudi Bungoma akiwa anamwita binti yake.

Mwanzoni Kukhu alikuwa mnyonge. Baridi ilimsumbua, siku zilikuwa ndefu, ndege zilipita juu ya paa asubuhi hadi jioni, na hakujua afanye nini na mikono yake. Jirani yetu, Bibi Kalpana, ambaye alizaliwa Kisumu na kuletwa huku akiwa msichana, ndiye aliyemsalimu kwa Kiswahili juu ya ua, na Kukhu karibu alie. Siku ya pili yake Bibi Kalpana alileta mbegu za matango zimefungwa kwenye karatasi laini. Tulizipanda, Kukhu nami, katika vikopo vya maziwa ya mgando kwenye dirisha la jikoni, na mwisho wa mwezi wa tano tukaihamishia miche kwenye kibanda cha nailoni kilichoachwa nyuma ya nyumba na wapangaji waliotutangulia.

Ni lazima nikuambie kwamba kabla ya matango hayo mimi nilikuwa naelewa Kiswahili lakini nilijibu kwa Kiingereza, ingawa Baba hunipeleka darasa la Kiswahili kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa na mwalimu wetu ni mkali kwa makosa. Kukhu nikimjibu kwa Kiingereza alikuwa anaendelea kufunga kamba zake kana kwamba hakuna mtu aliyesema kitu. Hivyo nikaanza kujibu. Alinifundisha kuupandisha mmea kwenye kamba bila kuubana, kukata kichwa chake ukifika juu, na kuchuma tango likiwa bado jembamba ili mengine yapate nafasi. Alinifundisha pia kwamba tango changa halioneshwi kwa kidole, kwa sababu litaoza, linaoneshwa kwa ngumi, na kwamba mmea uliotambaa huuruki, unauzunguka. Na siku moja alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia kwa sauti ya chini na bila ukali wowote kwamba msichana akiwa katika siku zake haingii kwenye matango wala maboga, maana mmea utanyauka au matunda yatakuwa machungu. Akasema, "Si kosa lako. Ni siku tu, zitapita."

Sikuudhika, Mshauri. Nilitii, na kwa kweli nilipenda kutii, kwa sababu siku hizo zikifika nilikuwa naliacha debe la kumwagilia nje ya mlango wa kibanda, naye alilichukua bila kuniuliza kitu, na hakuna mtu mwingine nyumbani aliyejua. Lilikuwa jambo letu sisi wawili.

Mwezi wa saba Baba na Kukhu walikwenda Leicester kwenye msiba wa binamu yake Baba, wakakaa huko juma zima. Kukhu aliniachia matango. Aliniambia kwamba siku zangu zikija nimwombe Mama amwagilie. Basi lile juma ndilo lililokuja na joto, lile joto lililogeuza nyasi za London kuwa kama majani makavu ya mahindi, na siku zangu zikaanza asubuhi ya pili baada ya wao kuondoka, na Mama alikuwa anashika zamu za mwenzake aliyeugua, anaondoka sijaamka na anarudi miguu imevimba, anaitia kwenye beseni la maji akiwa bado na sare ya kazi. Sikuweza kumwambia ashike madebe ya maji. Na tena, kwa kuwa nimeahidi kusema yote, niliogopa kumweleza sababu, kwa maana Mama alikulia Nairobi na hayo mambo hayafuati, na nilihofia angecheka, na sikutaka Kukhu achekwe na mtu yeyote.

Kwa hiyo nilisubiri. Siku ya kwanza majani yalilegea, siku ya pili yakaning'inia kama vitambaa vilivyolowa, nami nimesimama mlangoni na debe limejaa, ninayatazama. Siku iliyofuata nilishindwa, nikaingia, nikamwaga debe baada ya debe mpaka udongo ukawa matope na maji yakatoka mlangoni. Kesho yake majani yalikuwa yamesimama tena, na nikafurahi hadi nikamshukuru Mungu.

Waliporudi, Jumapili tulikuwa na wageni wa kanisani, na Kukhu mwenyewe alichuma matango na kukata kachumbari, akakataa kusaidiwa. Mzee mmoja wa kanisa alitafuna mara moja, akameza kwa maji. Bibi Kalpana, ambaye naye alikuwa amealikwa, alichukua tango jingine, akalikata kichwa, akasugua kile kipande kwenye tango mpaka povu jeupe likatoka, akaonja, akakunja uso. Akasema, "Mama Naftali, hili tango limenuna kama mama mkwe." Wageni wote walicheka. Kukhu hakucheka, na Mama hakucheka.

Wageni walipoondoka Kukhu alisimama kwenye mlango wa jikoni akauliza, wala si kwa sauti kubwa, "Nani aliingia?" Baba akauliza kuingia wapi. Mama alikuwa anafuta sahani, hakujua anaulizwa nini hasa, akajibu tu, "Kwenye kibanda? Mimi niliingia mara moja, Mama, nilikuwa natafuta vibanio vya nguo." Kukhu akamtazama, akasema, "Sawa." Mimi nilikuwa hapo hapo na vikombe mkononi. Nikageuka kuvipanga kabatini. Kukhu alipopita aliweka mkono wake kichwani pangu, akasema, "Wewe sina shaka nawe. Wewe unanisikia."

Tangu siku hiyo Kukhu hali chakula kilichopikwa na Mama. Anajipikia ugali wake mdogo mchana Mama akiwa kazini, anaosha kikombe chake na kukiweka chumbani mwake. Mama akimwambia chai iko tayari anajibu kwamba ameshakunywa, na mimi ninajua hajanywa kwa sababu nimekuwa naye asubuhi nzima. Hawagombani. Wanasalimiana vizuri kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mama hajui kosa lake, anadhani ni mapishi. Siku yake ya mapumziko alivuka London yote mpaka Tottenham kutafuta mboga za kwao Kukhu, mrenda na kunde, kwenye maduka ya Waafrika, akapika kama alivyoelekezwa na rafiki yake kwenye simu, na Kukhu alishukuru sana na hakula. Nilimkuta Mama anakula ule mrenda peke yake akiwa amesimama, na yeye mrenda haupendi. Baba nikimuuliza anasema wazee huchoka, niwaache.

Juzi Kukhu alimwambia Baba abadilishe tikiti. Alikuwa aondoke mwisho wa mwezi wa tisa, sasa ataondoka Jumamosi tarehe kumi na sita mwezi huu. Aliniambia mimi sababu, tukiwa nje, kwamba hana chuki na mtu, kila mtu na malezi yake, ila mahali ambapo neno lake linakanyagwa yeye ni mgeni, na mgeni hujua wakati wa kwenda.

Mshauri, nikisema, Kukhu ataondoka akijua kwamba mtu pekee aliyemwamini katika nyumba hii ndiye aliyemvunjia neno, kisha akanyamaza, na sijui kama atapewa viza nyingine wala kama nitamwona tena. Nisiposema, ataondoka akiamini ni Mama, na Mama ataishi miaka yake yote bila kujua alimkosea nini mama mkwe wake. Mama husoma gazeti lenu kwenye basi akienda kazini, kwa hiyo nakuomba ufiche majina yetu.

Na kuna jambo jingine, ambalo sijamwambia mtu. Shuleni tumefundishwa mwili unavyofanya kazi, na nilipata alama nzuri katika somo hilo, na kichwa changu kinajua kwamba siku zangu haziwezi kufika ndani ya tango. Lakini nimeyaonja yote, moja moja, na yote ni machungu, na tangu aje Kukhu hakuwahi kuniambia uongo. Siku hizi ninanawa mikono mara mbili kabla ya kugusa chakula. Naomba unijibu kwa barua pepe itakayorudi kwangu moja kwa moja, kabla ya tarehe kumi na sita: je, ni mimi niliyeyatia uchungu?

Mjukuu, Hayes

Jibu la mshauri

Mwanangu,

Umeuliza mengi, lakini lile la mwisho ndilo lililonifanya niache chai yangu na kuandika. Hapana. Si wewe. Hedhi ni afya ya mwili wako, na mikono yako haina kitu cha kunawa mara mbili. Nawa mara moja, kama kila mtu anayetoka bustanini, uende ukale.

Sasa tuzungumze tango. Mmea wa tango una uchungu wake wa asili, unaokaa kwenye majani na shina ili wadudu na wanyama wasiutafune. Mmea ukistarehe, uchungu unabaki huko huko. Ukiteseka kwa joto na kiu, kisha ukagharikishwa maji kwa ghafla, uchungu huingia kwenye matunda. Basi isome tena barua yako. Nailoni, juma la joto, mimea ikakaa bila tone, halafu ikapewa mafuriko. Kilichoyaharibu matango si kule kuingia kwako. Ni zile siku ulizosimama mlangoni na debe limejaa, ukitii. Kuingia kwako ndiko kulikoiokoa mimea isife.

Najua hapo umepumua. Lakini usiifanye habari hiyo kuwa fimbo ya kumchapia Kukhu. Mama yangu naye alikuwa na katazo hilo hilo kwa maboga yake, na hakuwa mjinga wala hakutudharau, alipewa na mama yake akatupa sisi. Kukhu wako alikukalisha, akakwambia si kosa lako. Wapo wanaoyasema hayo kwa kumfedhehesha mtoto, yeye hakufanya hivyo. Unaweza usiamini neno la bibi yako na bado ulibebe kwa heshima.

Sasa nikukemee. Ile jioni ya jikoni nakusamehe, ulikuwa umeshtuka na vikombe mkononi. Lakini asubuhi zilizofuata hukushtuka. Ulikuwa unamwona mama yako anamimina chai isiyonywewa, na katika nyumba nzima wewe peke yako ulijua kwa nini. Mwanamke amesimama kutwa kwa miguu iliyovimba, kisha akapanda mabasi mpaka Tottenham kutafuta mboga asiyoipenda, ili asamehewe kosa ambalo hakulifanya. Unaogopa kupoteza imani ya Kukhu. Mwanangu, hiyo imani hunayo sasa hivi. Anayeaminiwa ni msichana mwingine ambaye hakuingia kibandani, na wewe umevaa nguo zake.

Wakubwa nao wana sehemu yao, usijibebeshe yote. Kukhu aliuliza swali la nusu akaridhika na jibu la nusu. Baba yako anaona mama yake anajipikia na mke wake anakula amesimama, halafu anasema wazee huchoka. Mwambie nimesema aache kujificha nyuma ya uzee wa watu.

Fanya hivi. Usingoje tango tamu lije likutolee ushahidi. Mwendee Kukhu leo, akiwa amekaa, mkiwa wawili tu, na umwambie kwa Kiswahili hicho alichokutoa mdomoni. Mwambie uliingia, na ulikuwa katika siku zako. Mwambie Mama hakuambiwa habari ya katazo hilo, na kibandani alifuata vibanio vya nguo. Mwambie ulinyamaza kwa sababu ulimpenda ukamwogopa. Usianze na somo la shuleni, na habari ya kiu na mafuriko mpe akikuuliza, wala usishangae asipoikubali. Akinyamaza, nawe nyamaza. Usikimbilie kulia ili akuonee huruma, hiyo itakuwa njia nyingine ya kumnyima nafasi ya kukasirika, na kukasirika ni haki yake.

Kisha mwombe jambo moja, amwambie mama yako yeye mwenyewe. Asipoweza, utamwambia wewe jioni hiyo hiyo, Mama akiwa na miguu kwenye beseni, na utamweleza katazo lote hata akicheka. Nadhani hatacheka. Kama Kukhu ataing'ang'ania tarehe yake, mwache aende. Utakuwa umempa mama yako haki yake, na hiyo haihitaji tikiti ya mtu kubadilishwa.

Na mimea uiangalie. Chuma matango yote yaliyopo sasa, yaliyo machungu sana yatupe, usimlishe mtu, wala usiyatie kwenye siki na chumvi ukidhani achari itayaficha, haitayaficha na yanaweza kuumiza tumbo. Kile anachofanya Bibi Kalpana cha kusugua povu hakina madhara, ila kata tu kipande kikubwa upande wa kikonyo, uchungu hukaa zaidi huko. Mwagilia kiasi kila asubuhi, usiruke siku, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na jua likiwa kali funika kibanda kwa shuka kuukuu na uache mlango wazi. Matunda mapya yatakuja, na mengi yatakuwa mazuri. Siku zako zikifika, na Kukhu bado yuko na bado anakataza, usibishane naye mlangoni. Chukua mpira wa maji, upitishe chini ya mlango mpaka kwenye mizizi, ubaki nje na ufungue bomba. Neno lake litakuwa limeheshimiwa na mmea hautakuwa na kiu.

Jibu hili nimekutumia wewe peke yako, siku ile ile niliyoipata barua yako. Majina nimeyabadilisha, lakini mama atamjua mwanawe hata kwa jina la kubandikwa, na sitaki mama yako ayakute haya kwenye basi kabla hajayasikia nyumbani kwake. Kwa hiyo halitaingia gazetini mpaka uniandikie kwamba umeshasema kwa wote wawili, hata kama litakaa mezani kwangu mwaka mzima. Sasa weka simu chini, ushuke ngazi, na neno lako la kwanza liwe "niliingia."